Kwati za Bibi na Tangi la Mita Moja

Bomba lilikohoa. Lilikohoa mara moja, likanyamaza, kisha likakohoa tena kama mzee anayesafisha koo, na tone moja likagonga karai pale uani. Nje bado giza. Kabla tone la pili halijaanguka, Mama Vidole alikuwa ameshasimama, kanga kiunoni, anapapasa sakafu kwa miguu akitafuta kandambili zake.

"Maji," alimnong'oneza binti yake akimtikisa bega. "Amka, mwanangu. Maji yamekuja."

Mtaani kwao maji ya bomba yalikuja siku moja kwa wiki, na hayakupiga hodi. Ukiwahi, unajaza, ukichelewa, unazunguka na ndoo kwa majirani. Mama na binti walivuta mpira wa maji uani, mdomo wake wakauingiza kwenye tangi jipya la saruji, wakakaa juu ya ndoo zilizofunikwa, mmoja akishika tochi, wakiangalia maji yanavyopanda. Walinong'ona muda wote ili wasimwamshe Bibi, aliyekuwa amelala chumba cha mbele. Yalipofika kwenye mstari wa mkaa uliochorwa ukutani mwa tangi, Mama Vidole akafunga bomba. Hapo hapo bomba nalo likakauka.

"Tumewahi!" alisema binti, na wakagonganisha viganja gizani kama watoto.

Mama Vidole aliitwa hivyo kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuwa na rangi ya vidole. Kazi yake ilikuwa kutia nguo rangi, na wino wa kazi hiyo ulikuwa umehamia kwenye kucha zake ukakataa kuhama. Kazi aliirithi kwa mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima na mtaa mzima walimwita Bibi tu. Kwa miaka mingi mkwe alikoroga, na Bibi aliangalia. Nguo ikitoka majini, Bibi aliinyanyua mbele ya mwanga, akakunja uso, akasema "bado" au "basi". Jicho lake halikuwahi kukosea. Ila sasa macho ya Bibi yalikuwa yamechoka. Mwanga aliuona, na kivuli aliking'amua. Rangi zilikuwa zimemuaga.

Na ndipo ikaja kazi ya wodi ya watoto.

Muuguzi mkuu wa wodi hiyo alikuja mwenyewe, mama mnene mpole, akavua viatu mlangoni ingawa aliambiwa asijisumbue. Alieleza kwamba vitanda vya zamani vilikuwa na mapazia ya bluu aliyoyatia rangi Bibi enzi hizo. Sasa wodi imeongezwa, na mapazia mapya yaliyotoka kwingine yamekuja na bluu za kila aina.

"Utacheka," alisema, "lakini watoto wanagombana. Wa upande huu wanasema wale kule wamepewa mbingu nzuri zaidi. Juzi mmoja kalia mpaka homa ikapanda."

Wazazi ambao watoto wao walipona hapo walikuwa wamechanga vitambaa vyeupe. Mwingine alileta gora zima, mwingine shuka la kitandani kwake, limefuliwa na kupigwa pasi vizuri. Muuguzi mkuu aliweka furushi hilo mikononi mwa Mama Vidole kama anayekabidhi mtoto. Juu yake akaweka kipande cha pazia la zamani.

"Yote yafanane na hiki. Na kitambaa kingine sina, mama. Hiki ndicho chote."

Mama Vidole alisema ndiyo kabla hajafikiri. Usiku ule ndipo alipofikiri, na usingizi ukapaa. Rangi ikizidi ukali, hairudi nyuma. Kitambaa kilichokunywa kimekunywa. Na safari hii hakuna jicho la Bibi la kusema "basi".

Jambo moja tu alikuwa na hakika nalo: vitambaa vyote lazima vizame kwa mpigo mmoja. Ukichovya kidogo kidogo, kila mchovyo unatoka na bluu yake, mnarudi kwenye ugomvi ule ule. Kwa hiyo alimwomba shemeji yake, mwashi, amjengee tangi. Shemeji huyu aliitwa Timazi, kwa kuwa kila alichokiona alikipima kama kimenyooka, hata mkate mezani. Alijenga tangi la saruji la mraba, mita moja kwa mita moja, akachora mstari wa mkaa mahali ambapo maji yangekuwa na kina cha mita moja.

Asubuhi hiyo Timazi alifika jua likichungulia, akainama juu ya tangi, akafumba jicho moja.

"Mstari na maji vimebusiana," alisema. "Shemeji, hiyo ni mita moja ya ujazo kamili. Hata malaika akija na rula, anaondoka na aibu zake."

"Malaika ana kazi nyingine," alisema Bibi, aliyekuwa ameshatolewa nje na kuketishwa kwenye kiti chake. Mjukuu wake alimzungushia shali mabegani, na kabla ya hapo aliishika kidogo karibu na jiko ili ipate joto. Bibi alilijua joto hilo lilikotoka, akampapasa mkono. Kisha akauliza, "Haya. Mmetia kwati ngapi?"

"Kwati, Mama?" alisema Mama Vidole.

"Kwati. Si mmejaza? Mmejaza kwati ngapi?"

Mama na binti wakatazamana. Walikuwa wamefurahia kuwahi maji, wakaongoza mpira, wakagonganisha viganja. Kuhesabu hakuna aliyekumbuka.

Sasa, kwati ni robo ya galoni. Bibi alijifunza kazi usichana wake kwenye kiwanda kidogo ambako kila kitu kilipimwa kwa kwati, na alipoondoka alipewa jagi la bati lenye mstari wa kwati moja ndani yake. Kanuni yake aliibeba kichwani: kopo moja la unga wa bluu kwa kwati arobaini na nne za maji. Kwati arobaini na nne ndizo zilizojaza pipa lake la chuma, na kwa miaka yote hakuna aliyehitaji kuhesabu; pipa likijaa, kopo linaingia, yamekwisha. Lakini pipa liliota kutu, likatoboka, na sasa lilikuwa limepasuliwa na kuwa paa la banda la kuku. Limebaki jagi.

"Basi tuyamwage tuhesabu upya," alisema Timazi.

"Tuyamwage wapi, shemeji? Kifuani kwako? Maji mengine wiki ijayo, na mapazia yanatakiwa keshokutwa."

"Basi tuchote kwa jagi, turudishe kwa jagi."

"Ukimaliza utanikuta kaburini," alisema Bibi. "Tena utakuwa umesahau ulipofika."

Binti alikuwa tayari na simu mkononi. Alikuwa anasoma chuo cha ufundi, mwaka wa kwanza, na hesabu hazikumtisha. "Ngojeni. Tangi ni mita moja ya ujazo. Tunachotaka ni kujua mita moja ya ujazo ni kwati ngapi, kisha tugawe kwa arobaini na nne. Jibu ndilo makopo." Vidole vyake vilikimbia juu ya kioo. "Hii hapa. Mita moja ya ujazo ni kwati elfu moja hamsini na saba, kasoro kidogo. Kwati moja ni ndogo kidogo kuliko lita. Gawanya kwa arobaini na nne... ishirini na nne. Makopo ishirini na nne, Bibi."

"Ishirini na nne," alirudia Bibi. Aliifikiria namba hiyo kama anayeonja chumvi. "Sawa, mke mwenzangu. Mimi shule niliiona kwa nje. Namba yako ndiyo namba."

Walikuwa na makopo ya kutosha. Kazi ikaanza. Unga haumwagwi tu tangini, utaganda mabonge, na kila bonge likigusa kitambaa linaacha doa. Kila kopo hulainishwa kwanza ndani ya jagi, kwa kwati moja ya maji meupe, ili jicho lione kama kumebaki bonge. Kwa hiyo walikuwa wameweka pembeni ndoo chache za maji safi. Mama Vidole alilainisha, binti alichuja kwa kitambaa, na Timazi alimimina tangini na kukoroga kwa ubao mrefu, akiimba wimbo usio na mwanzo wala mwisho. Maji ya tangi yalianza kuwa ya bluu hafifu, halafu bluu, halafu bluu kweli.

"Shemeji, ulivyokoroga hivyo ungekuwa mpishi wa jeshi," alisema Mama Vidole.

"Ningewalisha saruji, vita viishe."

Walipofika kopo la kumi na sita, ndoo za maji meupe zikaisha. Bomba lilikuwa kavu kama mfupa, na maji ya tangi yalikuwa ya bluu mno kuonyesha bonge. Mama Vidole alisimama na jagi tupu, akashika kiuno.

Ndipo mwenye duka wa jirani aliyekuwa akiwaangalia kutoka juu ya ukuta akatoweka, na kufumba na kufumbua akaingia getini na katoni ya chupa za maji ya kunywa begani, za lita moja moja.

"Hapana, jirani, hayo ya kuuza," alisema Mama Vidole.

"Mwanangu alilazwa wodi ile," alisema mwenye duka. Akaitua katoni, akapangusa vumbi juu yake, akarudi dukani kwake bila kungoja asante.

Mama Vidole alifungua chupa, akaimimina yote kwenye jagi. Maji hayakufika kwenye mstari. Yalibaki chini yake, kama upana wa kidole. Akaongeza kidogo kutoka chupa ya pili mpaka mstarini, akalainisha kopo la kumi na saba, Timazi akalimimina. Kwa kopo lililofuata alifungua chupa mpya ambayo haijaguswa, akaimimina yote. Maji yakabaki chini ya mstari, upana wa kidole kile kile.

Mkono wake ukasimama.

"Binti. Simu ilisema kwati ni kubwa au ndogo kuliko lita?"

"Ndogo, mama. Kidogo tu."

"Basi lita ikiingia humu, ingepita mstari."

"Ingepita."

"Njoo uone."

Binti akainama, mashavu yao yakakaribia kugusana juu ya jagi. Nyuma yao Timazi, ambaye hakusikia chochote kwa kuimba, alikuwa ameshika kopo jingine, ameshalifungua, na hakuwa tena na habari ya bonge wala jagi. Kopo lilikuwa tayari limeinama juu ya tangi.

"Shemeji! Acha hapo hapo!"

Timazi aliganda. Unga mdogo sana ulishuka kutoka ukingoni mwa kopo, ukatua juu ya maji kama vumbi la nondo. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya. Ndiyo maana nimepiga kelele."

Yale maji yalikuwa yamekula makopo kumi na saba, na ukali wake hakuna aliyejua sasa kama umepungua au umeshapita. Vitambaa vyeupe vya watu vilikuwa vimepangwa juu ya meza, shuka lile la pasi likiwa juu kabisa. Mama Vidole alitamani kumgeukia Bibi aseme "basi". Bibi alikuwa ameketi, uso kwenye jua, mikono mapajani, akimsikiliza.

"Labda jagi la Bibi limekosewa," alisema binti kwa sauti ndogo.

"Jagi hilo hilo ndilo lililopima kanuni," alisema Mama Vidole polepole. "Likiwa limekosewa, na kanuni imekosewa nalo, na bluu ikatoka vile vile. Jagi halina kesi. Iulize tena simu. Iulize kama kuna kwati nyingine."

Binti aliandika. Akasoma. Kisha akaweka mkono mdomoni.

"Mama, ziko mbili! Kuna kwati ya Wamarekani na kwati ya Waingereza, na hazilingani. Mimi nimepewa ya Wamarekani, nikaishika hiyo hiyo, sikuuliza. Hii nyingine ni kubwa kuliko lita. Lita moja na kama sehemu ya saba hivi juu yake."

"Upana wa kidole," alisema Mama Vidole.

"Upana wa kidole!" Binti alikuwa ameshachuchumaa, anaandika kwa mkaa wa Timazi juu ya sakafu ya uani, maana alitaka kuiona hesabu kwa macho yake safari hii, si kuipokea tu. "Mita moja ya ujazo ni lita elfu moja. Tunagawa elfu moja kwa lita za kwati moja... inakuja... mia nane na themanini. Kwati mia nane na themanini. Mama, sasa gawa wewe. Gawa kwa arobaini na nne."

"Mimi?"

"Wewe. Gawa."

Mama Vidole aliutazama mkaa. Aliuchukua kwa vidole vyake vya bluu, akapiga magoti kando ya mwanawe. Arobaini na nne mara mbili, themanini na nane. Themanini na nane na sufuri yake. Akaweka mbili. Akaweka sufuri. Akatafuta baki, na baki haikuwapo.

"Ishirini," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti iliyovuka ukuta, "Ishirini! Kamili! Haijabaki hata punje!"

"Kwa hiyo mapipa yangu ishirini," alisema Bibi, na uso wote ukafunguka kwa tabasamu, "ndiyo tangi moja la Timazi. Kumbe tulikuwa tunasema kitu kimoja muda wote."

"Tumebakiza makopo matatu, shemeji," alisema Mama Vidole. "Hilo la mkononi ni la kumi na nane. Lete nililainishe, na usiimbe."

Makopo matatu yakaingia. Manne yaliyobaki alimpa binti ayapeleke ndani kabisa, kabatini, asije mtu akayaonea huruma.

Timazi alikuwa ametengeneza fremu ya mbao, na vitambaa vyote vilikuwa vimeshikizwa juu yake, vinaning'inia kama kurasa. Wakaishika kwa kamba, mwashi upande mmoja, mama na binti upande wa pili. Bibi ndiye saa. Aliyapima mazamisho yote ya maisha yake kwa pumzi zake mwenyewe, na pumzi hazihitaji macho.

"Shusheni," alisema.

Weupe wote ukazama kwa mpigo. Bibi akavuta pumzi, akashusha, midomo ikicheza kimyakimya. Hakuna aliyekohoa. Hata kuku walionekana kungoja. Mama Vidole alitazama mikono ya mama mkwe wake, na jinsi kidole kimoja kilivyokuwa kikigonga goti taratibu, akajikuta anapumua naye.

"Nyanyueni."

Fremu ikapanda, maji yakimwagika kwa kelele, na vitambaa vilikuwa karibu vyeusi. Binti alishika mdomo.

"Usitishike," alisema Bibi, kama aliyeuona uso wake. "Mbichi hudanganya. Anikeni."

Walianika ua mzima, kamba juu ya kamba, mpaka ukuta wa jirani. Jua likapanda. Upepo ukaja, ukajaza mapazia, ukayaacha, ukayajaza tena. Na kadiri yalivyokauka ndivyo giza lilivyoyatoka, pole pole kutoka juu kwenda chini, na nyuma ya giza ikaja bluu. Bluu tulivu, isiyopiga kelele. Mama Vidole alipita kutoka kamba hadi kamba akishika kila kitambaa. Gora la huyu, shuka la yule, sasa huwezi kujua lipi ni la nani.

Muuguzi mkuu alifika alasiri, akavua viatu hata uani. Mama Vidole alikichukua kipande cha pazia la zamani, akakibandika juu ya pazia lililokuwa likipepea, akarudi nyuma. Muuguzi mkuu aliangalia. Akasogea. Akaangalia tena.

"Kipande umekiweka wapi?" aliuliza.

Mama Vidole alilazimika kukibandua ili amwonyeshe.

Timazi alipiga yowe la ushindi, akamnyanyua binti akamzungusha. Mwenye duka akapiga makofi kutoka juu ya ukuta. Mama Vidole alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akachuchumaa.

"Mama, ni ile," alisema. "Ile ile yako."

Bibi aliinua mkono akautafuta uso wake, akaupata. "Jicho limepata mwenyewe mpya," alisema. "Basi."

Mapazia yalitundikwa keshokutwa yake, kama ilivyoahidiwa, kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Bibi alisema haendi, atawachelewesha, lakini Timazi alimbeba mgongoni mpaka mlango wa wodi huku akilalamika kwamba Bibi hajanyooka. Walipomketisha kando ya kitanda cha msichana mdogo mwenye mguu uliofungwa plasta, Mama Vidole na binti yake wakapanda ngazi za kukunja wakaanza kazi. Upande huu pazia, upande ule pazia. Watoto walitazama, wakilinganisha. Walitafuta kwa bidii cha kugombania, wakakikosa, na mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata.

"Bibi," msichana yule aliuliza, "mbona wewe huangalii?"

"Macho yangu yamepumzika. Niambie wewe. Yakoje?"

Msichana aligeuza kichwa huku na huku. Akamweleza kwamba karibu na dirisha ni kama maji, na kule kwenye kona ni kama jioni, lakini ukiangalia vizuri ni ile ile moja. Akamweleza mikunjo, akamweleza jinsi pindo linavyotikisika muuguzi akipita. Bibi alisikiliza akitikisa kichwa, bila kuharakisha, akiuliza hapa na pale: na kule mwisho? na juu kabisa? Alikuwa bado anauliza Mama Vidole aliposhuka ngazi ya mwisho na kusimama nyuma yao, vidole vyake vya bluu vimekunjwa mbele, akingoja, kwa maana hakuona haja ya kukatiza.

Walipomsimamisha Bibi waondoke, msichana alishika pindo la kanga yake.

"Sijakumalizia upande ule," alisema. "Bibi, utakuja tena kesho?"